Mume wa Kuazima

Jumatatu, 2 Juni

Mji huu wote wa Sumbawanga sijaona mwanaume mwenye bahati kunizidi mimi. Leo nimepimwa damu, bure, na nimetoka safi kama sufuria ya harusini. Miaka saba nilikuwa utingo wa malori. Tunduma, Kapiri, Ndola, Lubumbashi. Nimelala vitanda vya kila taifa. Na bado safi! Ndiyo maana kijiweni wananiita Ndola, kwa heshima.

Nimepimwa kama mume wa Felista. Si mume wake. Mume wake yuko Kasanga anavua migebuka, toka Pasaka hajapanda mlima kuja huku. Ila zahanati ina utaratibu wake: hudhurio la kwanza la kliniki, mjamzito aje na mwenza. Akija naye anahudumiwa kwanza. Akija peke yake atafute barua ya mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti wetu anatafutwa kama mvua ya Agosti. Kijiwe chetu cha bodaboda kinatazamana na geti la zahanati. Sasa mwanamke wa watu afanye nini? Anavuka barabara, anaazima mume.

Anayeazimwa sana ni mimi. Nina sura ya baba wa familia. Nina koti. Felista ni wa tatu. Wale wawili wa kwanza nilikuta vipimo vya wanaume vimeisha, nikaandikwa jina, nikarudi kijiweni. Leo vipo. Nesi mpya, sista Leokadia, aliyehamishiwa hapa mwaka huu, akanichoma kidole. Tone la damu kwenye kile kijikadi cha plastiki, ukimwi na kaswende kwa mpigo mmoja. Nikaomba majibu nipewe peke yangu. Nikapewa. Safi.

Ila sista aliandika maneno mengi mno kwa mtu aliye safi. Tena aliandika amefunika kwa mkono. Sipendi.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi ya kukata masikio. Upepo kutwa nzima.

Nimewaza jambo. Mama yangu alituzaa wanane, mkunga jirani yetu, baba akiwa kilabuni. Hakuna aliyekuja kumtafuta baba. Hakuna. Kliniki yenyewe mwanaume akionekana karibu na dirisha alifukuzwa kama mbwa. Leo wakunga wa jadi wamekatazwa kuzalisha, kinamama wote kituoni, na baba anatafutwa kwa bango! Pale getini wamechora mwanaume anatabasamu ameshika mkono wa mkewe. Nimemtazama sana yule bwana. Anatabasamu kama mtu ambaye hajaambiwa anakopelekwa.

Kwa nini wanatutaka? Serikali ikikutafuta ni kodi, kura au kesi. Mimi nimetembea, nimeona mipaka, najua. Mtu mwenye muhuri akikuchekea shika mfuko wako.

Tena wanasema uzazi bure. Mke wangu Skola ana miezi saba, ameshapewa orodha ya kwenda nayo siku ya kujifungua: beseni, kanga mpya, mipira ya mikono, nailoni ya kulalia. Kilicho bure hapo ni uchungu.

Namba ngeni imenipigia mara mbili. Sikupokea.

Jumamosi, 7 Juni

Ujumbe kwenye simu. "Baba habari. Hapa kliniki. Njoo na mama wiki hii, tafadhali usichelewe."

Na mama. Mama yupi?

Wamegundua kuazimwa. Lazima. Watatukusanya waume wote wa bandia, watupige picha, wapeleke wilayani. Nimeufuta ujumbe. Nimehamisha pikipiki, sasa naegesha sokoni. Sadiki, rafiki yangu pale kijiweni, ameniuliza kulikoni. Nimemwambia sokoni kuna wateja wa kimataifa. Amecheka. Sadiki kwao Kirando, watu wa ziwani hucheka hata msibani. Lakini leo kacheka kwa muda mrefu kidogo. Nimelitia hilo akilini.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeingia duka la dawa, siyo hili la mtaani, lile la mbali nisikojulikana. Nimeuliza kuna vidonge gani vya mtu ambaye damu yake ina kasoro kidogo. Ni kwa ajili ya rafiki yangu, nikasema. Kijana wa duka akauliza kasoro gani. Nikasema rafiki hakunifafanulia. Akaniangalia kuanzia kofia mpaka raba.

"Mwambie rafiki yako aende alikopimwa."

Nikasema hajapimwa.

"Sasa amejuaje?"

Vijana wa siku hizi hawana adabu. Nimetoka bila kuaga. Rafiki atajijua.

Hivi vile vipimo huwa vina tarehe ya kuisha? Sikuona tarehe. Kitu cha bure kinakuja kutoka mbali, kinapigwa jua kwenye lori, mimi nimebeba mizigo ya hivyo, najua tunavyoitupa. Lori likizama tope la Laela siku tatu, kipimo hakiwezi kujua damu ya nani ni ya nani.

Jumatano, 11 Juni

Skola anataka kesho twende kliniki wote. Amesema hivi, taratibu, huku anachambua maharage: "Baba Oresta, wenzangu wanakuja na waume zao." Nikamwambia kesho nina mteja wa Laela. Mteja hayupo. Laela ipo.

Siku tisa sasa nalala chumba cha watoto. Nimesema ni mgongo. Skola hajauliza tena kuhusu mgongo. Mwanamke akiacha kuuliza, kaa macho. Anafua suruali zangu na kupekua mifuko, nimemwona. Anatafuta mwanamke. Hakuna mwanamke! Kwa mara ya kwanza maishani hakuna, na ndipo ananipekua.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimeshika kadi ya kliniki ya Skola. Alikuwa ameiweka juu ya kabati, ndani ya mfuko wa sukari. Mimi nimeishia darasa la sita lakini kusoma nasoma. Kilo zake. Presha yake. Tarehe. Kisha mstari wa mwenza.

Jina la mwenza: Sadiki.

Nimesoma mara nne. Nimeipeleka dirishani. Sadiki. Tena pembeni: amepimwa, salama. Mwezi wa tatu.

Kumbe!

Ndiyo maana alicheka.

Jumamosi, 14 Juni

Ushahidi. Kwanza: Sadiki akitoka kwao huwa anatuletea migebuka, ya kukaangwa, ya mkia mnene, na anamkabidhi Skola mkononi. Pili: anamwita "shemeji" kwa sauti ya chini. Tatu: mwezi wa tano alimbeba kutoka shambani kwetu Pito na gunia la mahindi akakataa nauli. Nani anakataa nauli? Nne: mtoto aliye tumboni anacheza sana. Wa kwangu Oresta na Gaspa hawakucheza hivyo. Hawa ni watu wa mlimani, watulivu. Huyu anaogelea.

Siku nzima nimekaa sokoni, kwenye kona ya genge la nyanya, nikitazama mlango wangu mwenyewe. Hakuja mtu. Mama wa genge ameniuliza kama nimetumwa na mahakama.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Sikusikia neno. Skola aliimba vizuri sana. Mtu mwenye dhambi haimbi vizuri hivyo. Au ndiyo huimba?

Jumanne, 17 Juni

Nimemfuata Sadiki kijiweni, mbele ya watu. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nimevua koti kabisa nikampa mtu ashike. Nikamuuliza jina lake linatafuta nini kwenye kadi ya mke wangu.

Hakushtuka. Alikuwa anakula muhogo, akaendelea kula.

"Shemeji aliniomba. Mwezi wa tatu. Alikuambia wewe mara tatu, ukasema una safari."

Nikasema angechukua barua ya mwenyekiti.

"Barua ya kusema hana mume? Na mume anaonekana hapa ng'ambo ya barabara, anasimulia Ndola?" Akamaliza muhogo, akajifuta mikono. "Wewe unaazimwa na mtaa mzima, bwana. Mkeo aazime wapi?"

Kijiwe kizima kikapasuka kwa kicheko. Hata aliyeshika koti. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mtu asipocheka pale ameisha. Nikanunulia watu chai. Sadiki hana kosa. Skola hana kosa. Nimerudi nyumbani nikamletea Skola machungwa matano, hakuuliza ni ya nini. Aliyapanga dirishani.

Nilitamani wangekuwa na kosa. Naandika hivi kwa sababu ni daftari langu.

Jumatano, 18 Juni

Nimekaa na ile kadi kichwani tangu asubuhi. Nimekosea kukata kona mara mbili, abiria amepiga kelele.

Kadi ya Skola inasema mwenza wake amepimwa na yuko salama. Muhuri upo. Kwa hiyo kwa upande wa Skola faili limetulia. Hakuna sista atakayempigia. Hakuna atakayemwita apimwe upya kwa haraka, kwa nini amwite? Mume wake salama. Mume wake anaitwa Sadiki.

Na kwa upande wangu, mimi ni mume wa Felista. Wakinitafuta wanamtafuta Felista.

Yaani nikinyamaza, nimepona. Hakuna mtu Tanzania nzima anayeweza kuunganisha zile karatasi mbili. Wilayani wanazihesabu tu, wanaume wawili wamefika kliniki, hongera. Nimepangiwa bahati hata kwenye makaratasi.

Sijala ugali leo. Skola amenigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Ijumaa, 20 Juni

Felista amekuja sokoni. Nilimwona kwa mbali anachechemea, mkono kiunoni, nikadhani mimba imemzidi. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye pikipiki. Akashika usukani ili nisiondoke. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema. Ni yake, siyo yangu.

"We Ndola. Nimechomwa sindano ya ugonjwa wako."

Nikamwambia apunguze sauti.

"Sipunguzi! Unaijua ile sindano? Tako zima limekufa. Sista kanifuata kwangu Milanzi mpaka mlangoni, kanikuta nafua, ananiambia: Mwenza wako ana tatizo, mama, hapokei simu, na wewe lazima utibiwe, utambue mtoto anaweza kufia tumboni. Ningesema nini? Kwamba huyo siyo mume wangu, nilimwokota kijiweni? Wanifukuze kliniki? Nimepanda kitanda. Nimechomwa. Na wiki ijayo tena, na ile ya tatu."

Mama wa genge aliacha kupanga nyanya.

Nikasema pole. Neno moja, mimi ninayejua lugha tano.

Felista akaachia usukani. Sauti ikashuka sasa, na iliposhuka ndipo ilipouma. "Mimi nimefuatwa kwa sababu nimeandikwa mkeo. Skola nani atamfuata?"

Akaondoka anachechemea. Sikuwasha pikipiki mpaka jua likahama upande.

Sindano ile haikuwa yake. Ameichukua, amenyamaza, hakunitaja. Mwanamke niliyemfahamu kwa kusimama naye foleni.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeenda mwenyewe. Leo siyo siku ya kliniki, sista Leokadia alikuwa peke yake anahesabu maboksi. Nilidhani ataniitia mgambo. Nilidhani kuna fomu, faini, picha. Nilimwambia yote, la Felista, la Skola, la Sadiki. Nilisema haraka kama mtu anayetapika.

Hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo limeniudhi.

"Unadhani siwajui?" akasema. "Koti lako nimeliona kwenye foleni na wake watatu, yupi ni wako kweli sikujua. Nikiwakataa nyie, wale kinamama hawarudi, wanajifungulia nyumbani. Nikiwakubali, naandika uongo. Huko juu wanauliza tu wanaume wangapi wamekuja. Idadi ninayo. Waume sina."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema siku ile ile mbele ya wote.

"Majibu yako nilikupa siku ile ile, baba. Ulisema unaenda kumwita mkeo hapo nje, hukurudi. Nimekupigia simu wiki mbili."

Hilo la majibu nitaliandika siku nyingine.

Ameniambia miezi saba siyo kuchelewa kabisa, ila kila siku ina maana. Ameniambia nimlete Jumatatu kabla foleni haijajaa. Kuhusu Felista, atazisimamisha sindano zilizobaki, na atamtafuta mume wa Kasanga kwa jina lake halisi. Halafu akasema kitu ambacho sijakizoea kutoka kwa mtu mwenye muhuri. Akasema asante kwa kuja. Nimemtazama usoni kuona kama kuna mtego. Sikuuona. Bado natafuta.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya misa tumeenda shambani kwetu Pito kukata ulezi. Watoto tumewaacha kwa bibi yao. Njiani nilipanga hotuba. Ilianza na Tunduma, ikapita kwa madereva wabaya walionifundisha mambo, ikamalizikia kwa serikali. Hotuba nzuri sana. Nilipofika kwenye mstari wa ulezi sikutoa hata neno moja la hotuba. Nimemwambia kwa maneno machache. Sitayaandika.

Skola hakuinua kichwa. Kisu chake kile kidogo kiliendelea. Shika suke, kata, tupa kwenye kikapu. Shika, kata, tupa. Nilihesabu mpaka kumi na saba.

Kisha akaniuliza kitu kimoja tu. "Siku zile za mgongo ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Akasema kwa Kifipa neno ambalo mama yake humwambia ng'ombe aliyevunja kibuyu. Akahamia mstari mwingine wa ulezi, mbali, akanipa mgongo. Tumekata mpaka mchana hivyo hivyo. Mimi nimezoea watu wakinipigia kelele, kelele nina dawa yake, natania. Yule hakunipa hata sehemu ya kuweka utani.

Wakati wa kuondoka nilibeba vikapu vyote. Alipanda nyuma akashika chuma cha pikipiki, siyo kiuno changu.

Jumatatu, 23 Juni

Tumefika wa kwanza. Nilipita getini na mke wangu mwenyewe nikihesabu hatua. Na wale wote niliowasindikiza nilipita nikipiga mluzi.

Kadi mpya. Sista aliuliza jina la mwenza, nami nikataja jina langu lote, Boniface, na la baba yangu. Skola alikuwa anatazama ukutani. Akachomwa kidole. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri. Dakika ishirini. Kati yetu pangekaa mtu mwingine na mzigo wake.

Mistari miwili kwenye kijikadi chake, yaani anao. Wa pili mwembamba, kama umechorwa na kalamu inayokwisha. Lakini upo. Mwezi wa tatu haukuwepo.

Sikutafuta tarehe ya kipimo. Sikuuliza lori lilizama wapi.

Skola alichomwa kwanza. Hakulia. Alishika ukingo wa kitanda, na tumbo lake lile kubwa lilikuwa upande wangu. Mtoto alicheza wakati ule ule, niliona kanga inapanda. Nikatoka nje kidogo. Kisha nikaitwa mimi. Inauma vile vile alivyosema Felista.

Sista amesema ziko tatu, kila Jumatatu. Amesema dawa inamfikia na mtoto. Nikamuuliza atapona? Akasema tunatibu, baba, na akizaliwa atapimwa na kuangaliwa. Nikamwambia hilo siyo jibu. Akasema ndilo alilonalo. Skola atajifungulia hospitali, siyo hapa.

Jumatano, 25 Juni

Amepika. Amenitengea. Hakukaa nami.

Sadiki amekuja na migebuka, kampa Skola mkononi. Nimesema asante, Sadiki. Kashangaa kidogo.

Ijumaa, 27 Juni

Mwanamke mmoja amevuka barabara leo, msichana mdogo, tumbo changa, ameshika kiberiti mkononi, kwa wasiwasi anakifungua na kukifunga. Mume yuko bondeni Milepa kwenye mpunga, akasema, naomba unisaidie kaka, dakika chache tu. Kijiwe chote kikanitazama. Walitaka kuona Ndola atasema nini.

Nilimpeleka mpaka kwa sista. Nikasema huyu mume wake yuko Milepa, mimi ni dereva. Sista akampokea. Alikaa mwisho wa foleni, kweli, alikaa hadi saa saba. Nilimsubiri nje nikamrudisha kwao. Njiani hakuniongelesha, amekasirika. Ana haki. Foleni ile ni ndefu na aliyeitunga hajawahi kuikalia.

Jumatatu, 30 Juni

Sindano ya pili. Wote wawili.

Upepo leo umetulia. Tumerudi polepole kwa sababu ya mashimo na kwa sababu ya kukaa. Karibu na sokoni Skola alisema nisimame, akanunua nyanya. Mama wa genge alitupa salamu na hakuongeza neno, ni mtu mzuri yule. Tulipoondoka Skola alishika koti langu. Siyo mimi. Koti.

Sasa amelala, mchana huu, kwa ubavu usiouma. Watoto wako kwa bibi yao. Nimekaa mlangoni. Kila nikisikia anageuka nasimama kuangalia.

Ukurasa wa kwanza niliandika kwamba sijaona mwenye bahati kunizidi, na kwamba nilitoka safi. Sikutoka safi. Sista alifunga mlango akaniambia siku ile ile, tarehe mbili, kabla sijavaa koti: kaswende. Nilijua nilipokuwa naandika. Nilijidanganya mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na hakuna mtu mwingine anayesoma daftari hili.